Mto Wenye Tundu

Mjomba wangu hakuwahi kukaa kwenye kiti chochote bila kwanza kukibonyeza. Akiingia nyumbani kwa mtu, hata hajamaliza kuitikia salamu, kiganja chake cha kulia kilikuwa kimeshafika kwenye kochi, kinadidimiza sponji, kinasubiri kidogo, kinaachia. Kisha alitoa hukumu. "Hiki kizima." Au, "Hiki kina homa." Au, kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani, "Hiki kimekufa, jamani. Mnakalia maiti."

Mama yangu, ambaye ni dada yake, alikuwa akitamani ardhi ipasuke. Siku tulipokwenda kwa watu waliotaka kuwa wakwe zangu, alimkanya mlangoni kabisa, "Leo mikono mfukoni." Mjomba akaitia mikono mfukoni kama mtoto mtiifu, akaingia, akasalimia kwa heshima zote, akalibonyeza kochi kwa goti.

Alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya safu ya maduka, kina dirisha moja na mlango mpana wa mabati. Ndani kulikuwa na harufu ya gundi na mbao mpya. Fremu za viti zilining'inia ukutani zikiwa uchi, na sponji zilipangwa pembeni hadi karibu na dari. Mkewe alikaa na cherehani mlangoni, kwenye mwanga, akishona vitambaa vya kufunika makochi. Sote tulimwita Bi Nyuzi, kwa sababu hakuna siku ulimkuta hana kipande cha uzi kwenye nywele, begani au kwenye kona ya mdomo. Hawakujaliwa mtoto. Walijaliwa ubishi, nao waliulea vizuri.

"Umekata kifupi tena," mjomba alisema akivuta kitambaa kisichofika.

"Sijakata kifupi. Wewe ndiye unajaza sponji mpaka kochi linapata mimba."

"Basi tulipeleke kliniki."

"Lipeleke wewe, mimba ni yako."

Mimi nilipenda kufanyia kazi zangu za shule pale, juu ya marobota ya vitambaa, na baadaye zile za chuo cha ualimu. Mjomba aliniita "mjomba" na mimi, kama wajomba wengi wanavyowaita wapwa wao, na nilikuwa nimeshazoea kuwa mjomba wa mjomba wangu. Ni yeye aliyenifundisha kwamba sponji ina kazi moja tu duniani, ambayo ni kurudi. Ukiibonyeza ikarudi, ni nzima, hata kama imechakaa. Isiporudi imekufa, hata ukiifunika kwa kitambaa cha kifalme.

Alianguka akiwa juu ya lori, akifunga kochi la mteja. Kamba ilikatika, naye akaja chini kwa mgongo, akaangukia ukingo wa barabara. Tangu siku ile, kuanzia kiunoni kushuka chini, mwili wake ukawa kama wa mtu mwingine aliyelazwa kando yake. Hausogei na hauhisi. Alipoletewa kiti cha magurudumu pale hospitalini, wauguzi walikuwa tayari kumwona akilia, maana wengi hulia siku hiyo. Yeye akanyoosha mkono, akabonyeza pale pa kukalia. "Hili ni turubai tu," akasema. "Aliyetengeneza hiki alikuwa ana ugomvi na nani?"

Akajitengenezea mto wake, akaishusha meza ya kazi, akafupisha mipini ya nyundo. Miaka mingi alifanya kazi akiwa amekaa vile, na wateja wapya walichukua muda kugundua kwamba hainuki. Nadhani hicho ndicho alichokipenda kuliko vyote, kule kuchelewa kwao kugundua. Kwenye kiti kile, nyuma ya meza ile, alikuwa fundi kwanza, na mgonjwa akikumbuka.

Sisi wenye miguu hatujui ni mara ngapi mwili hutusemesha tukiwa tumekaa. Hutuambia tusogee, tuegemee upande huu, tunyanyuke kidogo, nasi tunatii bila kukatiza mazungumzo. Mwili wake ulikuwa umenyamaza. Alikaa pale alipokaa, mfupa ukabonyeza nyama, nyama ikakosa damu, na hapakuwa na maumivu ya kumwita. Aliyegundua ni Bi Nyuzi, alipoona doa kwenye suruali.

"Umekalia gundi?" akamuuliza.

"Labda."

Haikuwa gundi. Ilikuwa kidonda kidogo chini ya kalio la kushoto, kina uso mdogo na ndani ni kirefu. Kwenye zahanati walikisafisha, wakakifunga bendeji, wakamwambia neno moja: asikikalie. Mtu mwingine angeelewa kwamba ameambiwa akalale. Mjomba alisikia kama fundi. Kwake kutokikalia kidonda lilikuwa suala la ukataji. Alichukua sponji nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, ngumu, ya inchi nne, akaipima kwa chaki, akakata tundu la mviringo mahali hasa kidonda kinapofika, ili kining'inie hewani kisiguse kitu. Bi Nyuzi akashona foronya yenye tundu vilevile, akaipinda pindo kwa mkono.

Sijawahi kumwona akijivunia kitu kama alivyojivunia mto ule. Nilipokwenda kuwatembelea alizunguka na kiti chake katikati ya karakana. "Unaona, mjomba? Mimi nimekaa chini, kidonda changu kimekaa roshani. Kinapunga upepo."

Akatengeneza na wa pili, akampa fundi viatu wa barazani, aliyekuwa na miguu dhaifu tangu utotoni na alishinda kutwa nzima amekaa. "Usisubiri kidonda kije," akamwambia. "Kikija kikute tundu lake lipo tayari."

Kidonda hakikupona. Kilipanuka. Ikaja harufu ambayo Bi Nyuzi aliifunika kwa kuchoma ubani na kulaumu gundi, kisha ikaja homa. Tulipomfikisha hospitalini, daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mwembamba, miwani imening'inia shingoni, msemaji wa maneno machache. Alikichunguza kidonda kwa muda mrefu. Aliposimama alisema kimefika mfupani, kisha akauliza mgonjwa anakalia nini. Bi Nyuzi akautoa mto kwenye mfuko, akauweka kitandani kwa mikono miwili kama anayetoa zawadi.

Daktari hakuucheka. Alivaa miwani yake, akaweka ngumi juu ya tundu, akabonyeza kingo kwa mkono wa pili. "Fundi, tazama. Mfupa unapokosa kitu chini yake, nyama inazama humu ndani. Hizi kingo zinaibana pande zote. Kidonda kinapona kwa damu, na damu inapita kwenye nyama ya pembeni. Hapa umeifungia milango yote."

Mjomba alikuwa amelala ubavu, ameukodolea macho mto ule. "Kwa hiyo nimekinyonga."

"Hukujua."

"Watu wengine ndio hawakujua. Mimi viti ni kazi yangu."

Bi Nyuzi akauchukua mto, akaurudisha mfukoni, akaufunga mfuko fundo. Hapo ndipo mjomba akageuza uso kunitafuta. "Mjomba, nenda kwa fundi viatu. Kamnyang'anye ule mwingine. Nenda sasa hivi."

Nilimkuta fundi viatu barazani kwake, sindano mdomoni, amekaa juu ya mto ule kama mfalme. Nilipomwambia nimekuja kuuchukua, akaishika foronya kwa mikono yote miwili.

"Kwani fundi amekasirika? Nilimwambia kiatu chake kitakuwa tayari Ijumaa, na Ijumaa bado."

"Hajakasirika. Mto ni mbaya. Unaleta kidonda."

"Mbaya? Huu? Mwalimu, wewe umesoma sana, lakini matako haya ni yangu, na tangu yazaliwe hayajawahi kuheshimiwa kiasi hiki."

Nilibembeleza, nikaeleza, nikarudia kueleza. Mwishowe nilimwambia tu kwamba mjomba hatalala mpaka nirudi nao. Akatema sindano, akainuka kwa kushika ukuta, akanipa mto bila kuutazama. Nilipofika wodini mjomba aliubonyeza, akaona umerudi vizuri, mzima kabisa, akageukia ukutani.

Siku iliyofuata daktari alikuja kumweleza upasuaji. Kwanza angeondoa nyama yote iliyokufa, akwangue na mfupa pale ulipooza. Shimo litakalobaki haliwezi kushonwa midomo kwa midomo, ni kubwa mno, kwa hiyo angegeuza kipande cha nyama na ngozi kutoka nyuma ya paja, akilete pale kuziba.

"Unakikata kabisa?" mjomba akauliza.

"Hapana. Upande mmoja kinabaki kimeshikana na mwili, ili damu yake iendelee kuja nacho."

"Kisivutwe sana tu."

"Fundi, unataka kunifundisha kazi?"

"Hapana, daktari. Naogopa, basi. Nikiogopa nazungumzia vitambaa." Kisha akauliza, "Nitakaa tena?"

Daktari alivua miwani. "Utakaa. Lakini baada ya upasuaji utalala tumbo na ubavu, wiki nyingi, mpaka mimi niseme. Ukikaa kabla ya wakati, au ukikaa kwa muda mrefu, mshono utaachia. Na ukiachia, sijui kama nitapata nyama nyingine ya kuzibia."

"Umesikia?" Bi Nyuzi akamwambia mumewe.

"Aliyeambiwa ni mimi."

"Ndiyo, lakini mwenye masikio ni mimi."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Alirudi wodini na mrija wa kutoa maji ya jeraha na mshono mrefu ulioshuka hadi pajani, na Bi Nyuzi, aliyeshona maisha yake yote, aliuangalia kwa makini akasema aliyeushona ana mkono mzuri. Baada ya wiki kadhaa wakamruhusu kwenda nyumbani. Hakutaka chumbani. Alitaka karakana, na Bi Nyuzi akakubali kwa sharti moja, kwamba kiti cha magurudumu kikae nje ya upeo wa mkono wake. Wakaweka kitanda chembamba pale meza ilipokuwa.

Naukumbuka wakati ule kama wakati mzuri, ingawa kuna mtu angeweza kuuita wa mateso. Mjomba alilala kifudifudi, mto wa kifua chini yake, kichwa na mikono vikining'inia ukingoni, akikata sponji zilizotandazwa sakafuni kwa kisu kirefu. Dunia yake ilikuwa imeshuka hadi usawa wa viatu, na aliwatambua wateja kwa visigino. Bi Nyuzi alimgeuza kila baada ya muda, mkono mmoja begani na mwingine kiunoni, wakigombana njia nzima.

"Polepole, mimi si gunia."

"Gunia lingenyamaza."

Kitu cha kwanza alichotengeneza akiwa amelala vile kilikuwa mto wa fundi viatu. Hauna tundu. Tabaka gumu chini, laini juu, umepinda kidogo kufuata umbo la mtu. Alimpigia daktari simu kuuliza kila jambo, akafuata alivyoambiwa. Fundi viatu alikuja kuuchukua mwenyewe, akaukalia, akasogea huku na huku.

"Na huu ukiwa mbaya?"

"Nitakuja kuuchukua mimi mwenyewe," mjomba akasema, "kwa miguu."

Wakacheka mpaka Bi Nyuzi akawafukuza, maana kicheko kilikuwa kinatikisa mshono.

Mshono ulishika. Daktari alimwangalia kliniki, akamruhusu kukaa, lakini kwa kipimo. Robo saa, kisha alale. Akizoea, aongeze kidogo. Na awapo kwenye kiti, kila mara ashike pembeni kwa mikono ajinyanyue, damu ipite. Bi Nyuzi aliweka saa ya jikoni juu ya cherehani. Ilipolia alisema, "Haya, shuka," na mjomba alishuka akinung'unika kama mtoto anayetolewa kwenye bembea. Robo saa zile alizitumia kukaa tu mahali meza yake ilipokuwa, mikono mitupu, akiangalia karakana kutoka kwenye kimo chake cha zamani.

Kisha Bi Nyuzi akafariki.

Ilikuwa mchana. Mjomba alikuwa amelala kifudifudi, anakata. Alisikia cherehani ikinyamaza katikati ya mshono, jambo ambalo mkewe hakulifanya kamwe, kwa sababu alisema mshono uliokatizwa huonekana. "Umelala?" akamwuliza. Kimya. Akamtania, "Kochi litazaa kabla hujamaliza." Kimya. Kutoka pale alipolala aliona miguu yake tu chini ya cherehani, kiatu kimoja kimechomoka. Aliita. Alijiburuta hadi ukingoni mwa kitanda, na hapo akakoma, maana kushuka kungekuwa kuanguka. Akaendelea kuita mpaka mwanamke wa duka la jirani akaja mbio. Walisema ni presha. Alikuwa nayo muda mrefu na alikuwa akimeza dawa zake anapokumbuka, na siku zile za mwisho kitu alichokuwa akikumbuka ni saa ya jikoni.

Asubuhi ya msiba mjomba alitaka kiti chake.

"Daktari alisema robo saa," nikamwambia. "Umeongeza kidogo tu tangu hapo."

"Nakumbuka."

Mama yangu akaja, macho yamevimba. "Kaka, watu wanajua hali yako. Wewe lala, watakuja kukusalimia hapo hapo."

"Mtu ametoka kwake kuja kumlilia mke wangu," mjomba akasema, "mimi nimpokee nimelala tumbo, namtazama viatu? Dada, nipeni kiti."

Tulimpa. Sijui ni nani angemnyima. Tuliweka mto wake mpya, tambarare, tukakubaliana kwamba nitasimama nyuma yake na kumkumbusha kujinyanyua. Mwanzoni alijinyanyua. Lakini watu walikuwa wengi. Nusu ya nyumba za mtaa ule zilikuwa na kochi lililopita mikononi mwa wale wawili. Na kila aliyefika aliinama mbele yake, akamshika mikono yote miwili, akaishikilia. Ndivyo watu wanavyotoa pole. Mikono ile ile aliyopaswa kujinyanyulia, watu waliishika kwa upendo, mmoja akiachia mwingine anapokea. Nilimgusa bega. "Mjomba, jinyanyue." Akasema, "Subiri huyu amalize." Wakaja wengine. Siku zote za msiba ilikuwa hivyo, kuanzia asubuhi hadi watu wa mwisho walipoondoka.

Tulipomlaza baada ya watu kutawanyika, foronya ilikuwa imelowa.

Daktari alifungua bendeji, akaangalia, wala hakumkaripia. Alimpa pole ya mkewe kwanza. Kipande alichokigeuza kilikuwa kimeachia upande mmoja, na chini yake mfupa ulikuwa umeshaambukizwa. Angeweza kujaribu tena, akasema, akatafuta nyama upande mwingine, lakini si sasa. Damu ilikuwa chini, mwili umekonda. Ilibidi kwanza ale, apate nguvu, ndipo upasuaji uwe na kitu cha kushika.

Kwa hiyo kazi yetu ikawa kumlisha. Mama alipika, mimi nilibeba. Mjomba alitafuna polepole, kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kumuudhi mwenyeji, kisha anarudisha sahani ikiwa karibu nzima. Hakukataa kupona. Alikuwa akimwuliza daktari kila asubuhi damu imefika ngapi. Ila chakula kilikuwa hakipiti.

Siku moja nesi alikuwa anaandika kwenye jalada lake, akamtajia mwenzake, "kidonda cha presha," yaani kile cha kukandamizwa. Mjomba akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba.

"Umesikia, mjomba? Presha. Yeye ilimpata ya ndani, mimi ya nje."

"Usiseme hivyo."

"Kwa nini? Angenicheka. Angesema hata ugonjwa nimemwiga."

Fundi viatu alikuja kumwona, akipanda ngazi za hospitali kwa kushika reli, akaleta kile kiatu cha Ijumaa, kimeng'arishwa, cha mguu usiotembea. Mjomba alikigeuza mikononi, akasifia soli, kisha akamwuliza mto unaendeleaje. Unarudi, fundi viatu akasema. Ukibonyezwa, unarudi. Anaukalia mpaka leo. Nikipita barazani pale huniita niubonyeze, na mimi huinama nikaubonyeza.

Maambukizi yaliingia kwenye damu. Siku ya mwisho niliyomwona alikuwa amelala ubavu, amewekewa mito magotini na mgongoni, homa imempandisha, macho yake makubwa kuliko uso. Nilikuwa nimefika wakati wa kumgeuza. Mimi na nesi tulimgeuza, mkono mmoja begani na mwingine kiunoni kama nilivyomwona Bi Nyuzi akifanya, naye hakusema yeye si gunia. Nilijua nitakaa naye mpaka jioni, na kwamba nikirudi kesho huenda nisimkute. Sikumkuta.

Nesi alipoondoka nilivuta kiti cha wageni karibu na kitanda. Kilikuwa cha chuma, kina sponji nyembamba na kifuniko cha plastiki kilichopasuka. Nilikuwa nimeshainama kukaa mkono wake ulipotoka chini ya shuka. Ulichukua muda kufika. Kiganja kikatua, kikabonyeza, kikasubiri, kikaachia, nasi wote wawili tukakiangalia kile kibonyeo kikibaki pale pale, chenye umbo la mkono wake.

"Hiki kimekufa, mjomba," akasema. "Usikikalie sana."